Soksi za Madame Mikononi mwa Mama

Mjukuu wangu ameniletea glovu kutoka farmasi moja ya Bujumbura. Ni nyeusi, hazina ncha za vidole, na zinabana. Alizitoa kwenye kiboksi kwa heshima zote, akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kula, kwamba hiki ni kitu cha kisasa: unazivaa ukilala, zinakubana viganja na vifundo vya mikono, asubuhi uvimbe umepungua na maumivu yametulia. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikacheka mpaka akadhani nimepaliwa.

"Bibi, nini inakuchekesha?"

"Hiyo kisasa yako," nikamwambia. "Mama yangu alizivaa mwaka wa Uhuru. Zake zilitoka kwenye miguu ya mzungu."

Alivyonitazama, nikaona ni lazima nijieleze haraka kabla hajaita watu. Nikafungua sanduku langu nikamtolea ya mama. Imebaki moja tu. Rangi yake ni ya mawese, na ukiipeleka puani bado inanukia mawese, ingawa inawezekana pua yangu ndiyo inayokumbuka. Ile nyingine iko wapi, nitafika huko.

Mama alikuwa mshona kofia. Katika mtaa wetu wa Waswahili pale Rumonge, kando ya ziwa, mwanamume aliyetaka kofia nyeupe ya mkono, ile yenye vitobo vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi, alikuja kwetu, akakaa kwenye kibao karibu na mlango, akainamisha kichwa. Mama alimpima kwa uzi, akafunga fundo, akautundika ule uzi kwenye msumari pamoja na nyuzi za wenzake. Alikuwa anaujua mji mzima kwa vichwa. Mtu akipita na majivuno yake barabarani, mama alimjibu salamu vizuri kabisa, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Maneno mingi vile, na kichwa iko sawa na ya mutoto."

Kazi yenyewe ni ya subira, na mimi subira sikupewa, ndiyo maana sikuirithi. Kila kitobo kinafunguliwa kwa sindano, kinazungushiwa uzi, uzi unavutwa, unazungushwa tena, unavutwa tena. Ni kazi ya vidole viwili na kifundo kimoja cha mkono, kutwa nzima, mwezi baada ya mwezi. Sisi tulikuwa tunaona maua yakitokea kwenye kitambaa. Kinachotokea mkononi hatukukiona.

Mwaka wa Uhuru kila mwanamume alitaka kofia mpya. Sijui nani aliwaambia kwamba bendera haipandi kama vichwa havijafunikwa. Walikuja wavuvi wa Gitaza ambao miaka yote walivaa kofia siku ya Idi peke yake. Walikuja wakulima wa Bugarama, wengine hata si Waislamu, wakasema wanataka tu kupendeza. Mama hakumkataa mtu. Alishona akila, alishona akiongea, alishona akinigombeza, na siku ya sherehe ilipofika, kofia zake zilijaa uwanja mzima. Ungetupa jiwe, lingeangukia kazi ya mama.

Siku hiyo ngoma zilipigwa mpaka ardhi ikatetemeka. Watu waliimba, walikumbatiana na wasiowajua, na mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Nilipogeuka kumtazama mama ili tucheke pamoja, nikamwona amesimama mikono yake ikiwa ndani ya kitenge. Uso unacheka, mikono imefichwa. Nikamvuta mkono mmoja nje kwa utani, nimlazimishe kupiga makofi kama wengine. Alipiga ukelele, na haukuwa wa furaha.

Vidole vilikuwa vimevimba kwenye viungo, na kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa cha moto kama sufuria. Ndipo nikaelewa kwa nini asubuhi alikuwa ananiachia mimi kufungua mlango, na kwa nini alinywa chai akiwa amekumbatia kikombe kwa viganja viwili. Nilimkasirikia kwa kuficha. Yeye alinikasirikia kwa kuona.

Sasa lazima niseme kwa nini mikono hiyo ilikuwa pia shida yangu. Mimi nilikuwa mchumba wa mtu. Alikuwa fundi wa baiskeli wa Minago, kijana mchangamfu mwenye mikono ya grisi na kichwa kikubwa, Mungu amrehemu, kikubwa kuliko vichwa vyote vilivyowahi kutundikwa kwenye msumari wetu. Na kwetu kulikuwa na desturi: mkwe haingii ndani siku ya harusi mpaka mama wa bibi harusi amemvisha mlangoni kofia aliyoishona kwa mkono wake. Bibi yangu alifanya hivyo, mama aliwafanyia waume wa dada zangu wote wawili. Harusi yangu ilikuwa imepangwa kabla ya mfungo wa Ramadhani, na kofia ya fundi baiskeli ilikuwa imefika robo.

"Shangazi si anaweza kuimaliza?" nilijaribu siku moja.

Mama aliniangalia kama nimemwambia auze nyumba. "Shangazi yako ndiye alikuzaa?"

"Hapana."

"Basi. Kama mikono yangu haitamaliza, mutangoja." Akaushika tena ule ukanda wa kofia, akapiga tobo moja, akauweka chini. Jasho lilikuwa limemtoka usoni. "Na wewe," akasema, "katika wanaume wote wa hii pwani, ulikosa mwenye kichwa kidogo?"

Tulijaribu kila kitu. Mawese ya moto, maji ya chumvi, majani niliyotumwa kuyachuma mlimani nikarudi na upele. Mganga wa dispansari alimpa vidonge vyeupe na kumwambia apumzishe mikono. Mama alimshukuru, "Murakoze, muganga," kisha akamuuliza kama serikali mpya itamshonea mkwe wake kofia. Usiku alilala na maumivu, asubuhi vidole vilikuwa vimekakamaa, na mpaka vikilainika jua lilikuwa juu. Mimi nilikuwa naamka naangalia kwanza kofia, kisha mama.

Aliyetuokoa ni jirani yetu. Alikuwa Mkongomani wa upande wa Fizi, Mkristo wa kuimba kanisani kwa sauti ambayo hata sisi Waislamu tuliijua kila Jumapili. Kabla ya Uhuru alifanya kazi ya nyumbani kwa mzungu mmoja wa mashamba ya michikichi, na mzungu yule alipofunga mizigo kurudi kwao, mke wake aligawa vitu. Wengine walipata vitanda na vyungu. Jirani yetu alipata soksi.

Alikuja kwetu asubuhi moja kuomba moto, akamkuta mama akijaribu kufunga kitenge chake bila kukunja vidole. Akaweka chini kigae chake cha makaa.

"Mama, weye unaficha ile mikono, lakini miye naona," alisema. "Iko inavimba sawa na miguu ya Madame."

"Madame alikuwa na miguu gani?" mama aliuliza, maana hata akiumwa hakukosa udaku.

"Mibaya sana! Jioni ilikuwa inajaa sawa na mukate. Muganga yake akamutumia masokisi marefu kutoka Ulaya, mazito, yanabana kabisa. Asubui namuvalisha, tunavuta, tunavuta, yeye analia, miye nacheka. Lakini jioni miguu inabakia sawa, anatembea. Sasa ile masokisi iko kwangu. Mikono na miguu, si ni mutu mumoja?"

Akaenda akarudi na soksi moja. Ilikuwa ndefu, nzito, rangi ya ngozi ya mzungu, na ukiivuta ilikuwa inarudi kwa hasira. Nikamuuliza ya pili iko wapi. Akaangalia pembeni. Ya pili, alisema, ilikuwa kazini.

Nilikata ile soksi mimi mwenyewe. Nilipima mkono wa mama kwa macho, nikatoa mirija miwili, nikatoboa pa vidole, nikashona pembeni kwa sindano, nikajisifu. Tulimvalisha kwa kuvuta, mmoja huku mmoja kule, kama wanavyovutwa samaki wakubwa. Tulipomaliza, mama aliketi mkekani na mikono ya kizungu mapajani, na jirani akasema amependeza. Muda haukupita, vidole vya mama vikaanza kuiva kama zambarau. Kisha akasema havisikii tena. Zikakataa kutoka. Nilikimbia kuleta wembe, jirani akamwomba Yesu, mama akamswalia Mtume, mimi nikakata. Damu iliporudi kwenye vidole, aliyapata maneno yake yote kwa pamoja.

"Weye mutoto, unataka kunizika ndio uolewe?"

Nililia siku ile. Soksi nzuri ilikuwa vipande, kofia ilikuwa imelala, na mchumba wangu alikuwa amepita jana yake kuuliza kwa adabu kama tarehe bado ni ileile. Nilimjibu ndiyo bila kumtazama usoni.

Jirani alirudi kesho yake na soksi ya pili. Tukaelewa kazi yake. Alikuwa anachujia mawese. Tangu Madame aondoke, kila mara alipokamua mafuta aliyamimina humo ya moto, akaikamua soksi kwa mikono miwili mpaka tone la mwisho, akaifua, akaianika. Alisema hajawahi kuona chujio kama lile. Ilikuwa rangi ya machungwa kuanzia juu mpaka kidole gumba. Tuliichemsha na sabuni, tukaisugua, tukaichemsha tena, na maji yalibadilika rangi lakini soksi haikubadilika hata kidogo.

Nilipoivuta, nikahisi tofauti. Ile ya kwanza ilikuwa inang'ang'ania. Hii moto na kukamuliwa vilikuwa vimeitia adabu: inabana, halafu inakuachia upumue. Safari hii sikuthubutu kuishona. Niliipeleka kwa fundi cherehani aliyekuwa anafanyia kazi kwenye baraza la duka la Mwarabu, mwanamume aliyefiwa na mke kama mama alivyofiwa na baba, mtu mpole asiyesema sana, na kofia yake mwenyewe ilikuwa imechakaa mpaka ungehesabu nywele. Alinisikiliza, akataka kujua upana wa viganja, nikarudi nyumbani kupima kwa uzi, nikamletea. Kisha akakosa urefu wa vidole, nikarudi tena. Alishona huku anakivuta kitambaa, ili uzi usikatike mama akikunja ngumi. Zikatoka glovu mbili, ncha za vidole akaziacha wazi.

"Mwambie asivae zikimuuma," alisema. "Na akisikia ganzi, atoe."

Mama alizivaa kwa mashaka, akakunja vidole, akavikunjua. Nilingoja kugombezwa.

"Iko inanishika," alisema polepole, "sawa na mutoto akikushika mukono sokoni."

Hazikumponya, nisidanganye mtu. Mvua ikija aliumwa, na akizidisha kazi aliumwa. Lakini alilala nazo, na baada ya siku kadhaa niliamka nikamkuta jikoni anamimina chai, birika mkono mmoja, kikombe mkono wa pili, kama mtu mwingine yeyote. Nilisimama mlangoni nikalia tena, safari hii kwa raha. Aliniuliza kama chai ni msiba. Jioni ile ua jipya lilitokea kwenye kofia.

Hapa ndipo niseme juu ya ile glovu nyingine. Mwaka wa sabini na mbili, balaa ya mauaji ilipoangukia pwani yetu, jirani yetu alipanda mtumbwi na watoto wake kuelekea upande wa Kongo. Mikono yake nayo ilikuwa imeanza kuuma kwa ajili ya kukamua mawese. Mama alimfuata mpaka majini, akavua glovu moja akamtia mkononi, akasema, "Hii utanirudishia." Hatukumwona tena. Mwaka ule una watu wa kuueleza, waliopoteza kuliko sisi, na wengi hawapo. Mimi leo ninaeleza mwaka wa furaha, na jirani yangu alikuwa nusu ya furaha hiyo.

Basi turudi kwenye kofia, maana mji ulikuwa umeanza kuongea.

Soksi ile, tulidhani imemaliza kutoa rangi yake. Kumbe ilikuwa inaitunza. Usiku, kwa joto la mwili na jasho, mawese yalihamia taratibu kwenye ngozi ya mama. Viganja vikawa vya machungwa, na vidole vikapata wekundu mzuri pale glovu ilipoishia. Alfajiri alikuwa anatoka kuteka maji ziwani mikono ikiwa bado imefungwa, anazivua huko, ananawa, anarudi na mikono inang'aa.

Wanawake wa mtaa wetu waliona nini? Waliona mjane aliyelala amefunga mikono, akaamka na viganja vyekundu. Kwetu hilo lina maana moja. Hina inapakwa, mikono inafungwa vitambaa usiku kucha ili rangi ikolee, asubuhi inafunguliwa. Na mjane hajipaki hina kwa ajili ya kuteka maji.

Walianza kuja. Wa kwanza alileta sukari, akaketi, akauliza habari ya nyumba, habari ya watoto, kisha akasema, "Eh, Mungu ni mwema," akaondoka bila kueleza ni mwema kwa jambo gani. Wa pili alileta mchele. Wa tatu, mkorofi zaidi, alinivuta uani.

"Mutoto, usitufiche. Mama yako anaolewa?"

"Anayeolewa ni mimi!"

"Weye tunajua. Yeye naye?" Akaanza kunionyesha kwa vidole. "Mikono ina hina. Na wewe ulikuwa unakwenda na kurudi kwa fundi cherehani na uzi wa vipimo. Ulikuwa unapima nini?"

Nikimwambia nilikuwa napima mikono ya mama ili fundi aikate soksi ya mzungu iliyokuwa chujio la mawese, hata mimi nisingejiamini. Kufika adhuhuri mji ulikuwa umeshamwoza mama. Msikitini walikuwa wanamtania fundi cherehani, wanamuuliza pilau ni lini. Jirani yetu Mkongomani alisikia, akakaa chini barabarani kwa kicheko mpaka mitungi miwili ikavunjika, na yote miwili haikuwa yake.

Mama hakucheka. Nilikuwa nimemwona amekasirika, lakini aibu sikuwahi kumwona nayo. "Nimekaa na jina la baba yenu miaka hii yote," alisema, "halafu nizungumzwe kwa ajili ya sokisi?" Akavua glovu, akazitupa ndani ya sanduku, akafunga. Akasugua viganja kwa mchanga na ndimu mpaka karibu vitoke ngozi.

Nilimsihi. Nilimwambia tuwaeleze ukweli watu. Akasema ukweli wenyewe ni mbaya kuliko uongo: atajulikana mpaka Nyanza kama mama mwenye soksi za miguu mikononi. Na kofia je? Baada ya siku chache kikombe kikarudi kushikwa kwa viganja viwili. Sindano ilimdondoka, akainama kuitafuta, ikamdondoka tena. Kofia ilikuwa imebakiza sehemu ya juu, na mwezi wa mfungo ulikuwa unakaribia. Nikaona wazi kwamba sitaolewa, na kibaya zaidi, nikaona kwamba mama amechagua kuumwa.

Nikavaa buibui langu nikaenda kwa fundi cherehani. Nilikuwa na hasira za kutosha watu wawili.

"Fundi, wewe ni mwanamume," nilimwambia hata kabla ya salamu. "Wewe maneno hayakuumizi. Simama msikitini useme hakuna kitu kati yako na mama."

Alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Nikaanza kuona haya kwa sauti niliyotumia.

"Nikisema hakuna kitu," alisema, "watauliza hina ilikuwa ya nani. Itakuwa mbaya zaidi kwake." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Nitasema kingine. Nenda nyumbani. Mwambie avae glovu zake."

Ijumaa ile, baada ya swala, wanaume wakiwa bado wanatafuta viatu vyao, fundi alisema kwa sauti ambayo hakuna aliyejua anayo. Alisema ni kweli alimposa mama. Alisema mama alikataa. Alikataa kabisa, aliwaambia, kwa heshima lakini kabisa, na hina ile ni ya kuolewa kwa bintiye, kila mama ana haki ya kufurahi. Kisha akavaa viatu, akarudi kwenye cherehani lake.

Kicheko kilichompata fundi! Walimtania mpaka wavuvi wa Minago wakajua. Watoto wakipita barazani waliimba kwamba fundi amekataliwa, naye aliendelea kukanyaga cherehani kana kwamba wanaimba kaswida. Na mama yangu, bila kutamka neno, akawa mjane mwenye msimamo kuliko wote pwani nzima. Wanawake waliomletea sukari walirudi kumpa pole na heshima. Yule mkorofi alimshika ile mikono yenye rangi akasema, "Na imekupendeza, dada."

Habari ilimfikia mama. Nilitegemea aseme lolote, hata anigombeze kwa kwenda kule. Alifungua sanduku, akatoa glovu, akazivaa mchana kweupe, akaketi mlangoni pale pale watu wote wanapopita, akaichukua kofia. Ncha za vidole zilikuwa wazi, sindano ilikaa vizuri. Alishona.

Nilikuwepo alipokata uzi wa mwisho. Aliigeuza ile kofia ya kichwa kikubwa cha mume wangu mtarajiwa juu ya ngumi yake, akaiangalia kila upande, akanipa nishike. Nilimbusu ile mikono ya machungwa inayonukia mawese, na mama akaniacha nibusu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Siku ya harusi bwana harusi alikuja na ngoma na baiskeli zilizofungwa vitambaa, msafara mzima kutoka Minago. Mlangoni alisimamishwa. Mama alijitokeza, akavua glovu zake mbele ya watu wote, akazichomeka kiunoni, akamvisha kofia kwa mikono miwili. Ilimkaa sawasawa. Vigelegele vilipanda, jirani yetu akachanganya wimbo wa kanisa na wetu na hakuna aliyemzuia. Mimi nilikuwa nachungulia kutoka ndani, ninacheka na wanja unanichafua mashavu.

Nilimwona fundi cherehani nyuma kabisa, upande wa wanaume. Alikuwa amekuja kichwa wazi. Kofia yake nadhani ilikuwa imekufa wiki ile, na vijana walikuwa wanamtania kwamba aliyekataliwa ameletwa na harufu ya pilau. Alikuwa anatabasamu. Nikaona pia mama anamtazama. Alimtazama kwa muda, kwa yale macho anayowatazamia wateja.

Siku za fungate zilipokwisha, nilikwenda kumsalimia mama. Nilimkuta mkekani, amevaa glovu, na mapajani ana kitambaa cheupe kipya kilichokatwa. Kwenye msumari kulikuwa na uzi ambao siujui. Niliutoa nikauzungusha kichwani kwangu. Haukufika.

"Hiki kichwa cha nani?"

"Weka pale ulipoikuta."

"Mama. Nani amekuja kupimwa?"

"Hakuna aliyekuja. Nimemupima kwa macho. Tangu ujana wangu nashona kofia, unafikiri ni lazima nimushike mutu?"

Nikaketi chini. "Lakini si ulimkataa? Mji mzima unajua."

"Mji mzima umesikia," mama alisema, na akavuta uzi, bila shida, bila kukunja uso. "Miye sijasikia. Mutu anasema ameniposa, nimemukataa, na hapa mulangoni hajafika hata siku moja kuniuliza. Pita kwake ukirudi. Mwambie anayeulizwa ni miye, aje aulize."

Nilikuwa nimeshasimama.

"Na kichwa yake iko ndogo," aliongeza. "Hii itaisha haraka."

Nilitoka mbio. Bibi harusi wa juzi, hina yangu ya kweli bado imekolea mikononi, nikakimbia katikati ya mtaa hadi kwenye baraza la Mwarabu, na kila aliyeniuliza kuna nini nilimwambia alete sukari.